Usimdharau Kijana Aliyeshika Filimbi

 

Leo nina neno kwa vijana, kwa wazazi na kwa kanisa. Ni neno kuhusu kazi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa kazi.

Mwaka huu wazazi kadhaa wameniletea ombi lile lile. Mama mmoja aliniambia, "Pastor, niombee huyu kijana wangu. Tumeuza ng'ombe akasoma mpaka akamaliza chuo. Sasa kila jioni yuko uwanjani na watoto wa watu, filimbi shingoni. Nikimuuliza kazi, ananiambia yeye ni kocha. Pastor, kocha ni kazi gani?"

Nilimjibu kwa heshima, na leo narudia mbele yenu wote: Mama, kijana wako hana pepo. Huenda ana wito. Swali si kama kocha ni kazi. Swali ni kama kijana wako yuko tayari kuipanda ngazi yake, na kama sisi tuko tayari kumshikia ngazi hiyo badala ya kuitikisa.

Kwa nini nasema ngazi? Nisikilize vizuri.

Vijana wetu hupenda kuniambia, "Pastor, huko Marekani kocha wa mpira wa chuo kikuu hulipwa kuliko gavana." Ni kweli. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala si daktari. Ni kocha wa chuo kikuu, wa mpira wa Kimarekani au wa mpira wa kikapu. Huo mpira wa Kimarekani si kandanda yetu. Una undugu na raga: mpira wenye umbo la yai, wachezaji wamevaa helmeti, na watu wanagongana mabega kama mafahali.

Lakini kijana wangu, wewe umeona kilele cha ngazi. Hujaona vidato vyake.

Chukua mfano wa Nick Saban. Huyu alizaliwa mwaka 1951 katika jimbo la West Virginia, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa na kituo cha petroli, na kijana alifanya kazi pale. Alicheza mpira katika Chuo Kikuu cha Kent State. Alipomaliza masomo hakuwa na mpango wa kuwa kocha. Mke wake alikuwa bado na mwaka mmoja wa masomo, na kocha wake, Don James, akamwomba abaki pale kama msaidizi, yaani yule anayesomea shahada ya pili huku akitumwa kazi ndogo ndogo za timu. Ilikuwa mwaka 1973.

Sasa hesabu pamoja nami. Kutoka Kent State akaenda Syracuse. Akaenda West Virginia. Akaenda Ohio State. Akaenda chuo cha wanamaji, Navy. Akaenda Michigan State. Akaenda Houston kwa timu ya kulipwa. Kote huko alikuwa MSAIDIZI. Alikuwa akifundisha mabeki wa mtu mwingine, katika timu ya mtu mwingine. Timu ikishinda, aliyehojiwa na waandishi ni mwingine. Kila alipohama, mke alifunga mizigo na nyumba ikaanza upya.

Alipata kuwa kocha mkuu mara ya kwanza mwaka 1990, katika chuo cha Toledo. Miaka 17 baada ya kuanza!

Na baada ya msimu mmoja tu pale Toledo, alishuka tena. Alikwenda Cleveland kusimamia ulinzi chini ya kocha mwingine, Bill Belichick, kwa miaka 4. Fikiria hilo. Mtu ameshaitwa mkuu, halafu anakubali kurudi kuitwa msaidizi ili ajifunze zaidi. Ni wangapi kati yetu tungekubali? Sisi mtu akishaitwa Askofu, hata kupanga viti hawezi tena.

Baadaye akawa kocha mkuu Michigan State, kisha Louisiana State, ambako alichukua ubingwa wa taifa wa msimu wa 2003. Akajaribu timu ya kulipwa ya Miami kwa misimu miwili, haikumwendea vizuri. Mwaka 2007 akafika Alabama. Msimu wake wa kwanza pale alishinda mechi 7 na kupoteza 6, na moja ya hizo 6 alifungwa nyumbani na Louisiana-Monroe, chuo kidogo ambacho hakuna aliyekitarajia. Nina hakika wapo waliosema wameletewa mtu asiyefaa. Lakini kufikia Januari 2024 alipostaafu, alikuwa ameiletea Alabama ubingwa mara 6. Ukiongeza ule wa Louisiana State, ni 7.

Sikuambii habari hizi ili umwabudu mwanadamu. Nakuambia ili uone kwamba mshahara ule unaoutamani ulikaa mwisho wa njia ndefu sana, na sehemu kubwa ya njia hiyo mtu alitembea bila jina.

Na hili si geni kwetu sisi wa Neno. Soma 2 Wafalme 3:11. Walipoulizia nabii, mtumishi wa mfalme hakumtambulisha Elisha kwa miujiza. Alimtambulisha kama yule aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yake ya sifa! Yoshua naye, kabla ya kuvuka Yordani mbele ya taifa, anaitwa mtumishi wa Musa. Na Bwana Yesu katika Luka 16:12 anatuuliza swali gumu: kama hukuwa mwaminifu katika kilicho cha mwingine, ni nani atakupa kilicho chako mwenyewe?

Siku hizi mtu anaokoka Januari, Machi anataka maikrofoni, na kabla ya Krismasi amefungua kanisa lake la mabati kando ya barabara. Ukimuuliza alitumika chini ya nani, anakuambia, "Mimi nilitumwa moja kwa moja." Ndugu yangu, hata kocha wa mpira hatumwi hivyo.

Kuna jambo lingine katika njia ya makocha hawa ambalo lingefaa kutuonea aibu sisi wa kanisa. Steve Sarkisian alikuwa kocha mkuu wa chuo kikubwa huko California, USC. Mwaka 2015 alifutwa kazi, na tatizo la pombe likajulikana kwa dunia nzima. Akaenda kutafuta matibabu. Nani angemgusa tena? Saban alimchukua mwaka 2016, si kama kocha bali kama mchanganuzi, mtu wa kukaa nyuma na kutazama video za mechi. Baadaye akatoka, kisha akarudi Alabama mwaka 2019 kusimamia mashambulizi. Msimu wa 2020 wakachukua ubingwa, na mwaka 2021 Sarkisian akawa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Texas.

Sasa nijibu wewe. Akianguka kiongozi wa kwaya hapa kwetu, tunampa kazi ya nyuma mpaka apone, au tunapeleka habari zake kwenye kundi la WhatsApp? Paulo alimkataa Marko katika Matendo 15 kwa sababu aliwaacha njiani. Lakini Barnaba alimchukua. Na mwisho wa maisha yake, katika 2 Timotheo 4:11, Paulo huyo huyo anaagiza Marko aletwe kwa sababu anamfaa kwa huduma. Kila aliyeanguka anahitaji Barnaba wake. Dunia ya mpira imelijua hilo. Kanisa lisibaki nyuma.

Mtaniambia, "Pastor, hayo ni ya Marekani, wana pesa." Sawa. Basi turudi nyumbani.

Panda matatu hapa Kitale uende Eldoret, kisha upande Iten. Pale kuna shule ya St Patrick's. Mwaka 1976 alifika mmisionari kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea riadha. Alikuta mwalimu mwingine anashughulikia wanariadha, akaanza kwa kumsaidia. Mwenzake alipoondoka, kazi ikabaki mikononi mwake. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia na kwa kuwasikiliza. Na hakuhama. Kutoka mikono hiyo alitoka Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 huko Seoul mwaka 1988. Miaka mingi baadaye akatoka David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012, rekodi ya dunia, na akarudia dhahabu huko Rio mwaka 2016. Kati ya Rono na Rudisha zimepita miaka 24. Kocha ni yule yule, mlima ni ule ule, vumbi ni lile lile.

Umeona? Saban alipanda ngazi kwa kuhama. Brother Colm aliipanda akiwa amesimama mahali pamoja. Njia ni mbili, lakini kitu kimoja hakikubadilika: wote wawili walianza chini ya mtu mwingine, na wote wawili walikubali kujifunza.

Tuangalie raga yetu, jamaa wa karibu wa mpira ule wa Kimarekani. Marehemu Benjamin Ayimba alikuwa mchezaji na nahodha kabla ya kuwa kocha wa timu ya taifa ya wachezaji saba. Mwaka 2009 aliifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia huko Dubai. Baadaye akaondolewa kazini. Watu wengine wangebaki na uchungu maisha yote. Yeye aliporudishwa alikubali, na Aprili 2016 huko Singapore Kenya ikaifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali, ikachukua taji lake la kwanza la mashindano ya dunia ya mfululizo. Alitutoka Mei 2021. Wakenya wengi walioshangilia siku ile ya Singapore hawakujua kwamba furaha yao ilipitia kwa mtu aliyewahi kuonyeshwa mlango.

Na hapa kwetu kabisa? Nani asiyejua St Anthony's Kitale, wale Solidarity Boys, katika kandanda? Nani asiyejua wasichana wa Wiyeta? Nani asiyejua Kamusinga pale Kimilili katika magongo? Sifa za shule hizo hazikuanguka kutoka mbinguni kama mana. Kuna mwalimu aliyefundisha darasani mchana kutwa, kengele ikalia, wenzake wakaenda nyumbani, yeye akachukua filimbi. TSC haimlipi mshahara wa pili kwa ajili ya jioni hizo. Wapo pia waliopita katika klabu zetu na kuendelea mbele: Bernard Mwalala alifundisha Nzoia Sugar hapa Bungoma kabla ya kwenda Bandari ya Mombasa, na mwaka 2019 Bandari wakachukua Ngao ya taifa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, nami nayasema bila kuzunguka.

KWA KIJANA: Usiseme "mimi ni kocha" kabla hujamtumikia kocha. Tafuta mtu aliyekutangulia. Mbebee mipira, pangia koni, andika majina ya watoto, jifunze anavyoongea na mchezaji aliyekosa penalti. Halafu soma. Katika kandanda mlango ni kozi ya CAF ya daraja D, kisha C, kisha B, kisha A. Raga na riadha nazo zina kozi za daraja la kwanza na kuendelea. Bila karatasi hizo, siku klabu itakapokutafuta utabaki unasema "nina kipawa". Kipawa bila maandalizi ni jembe bila mpini. Na usiache shughuli ya mkono. Kama unaendesha boda boda asubuhi na kufundisha jioni, hakuna aibu. Paulo alishona mahema.

Na uwe safi. Kamari imeingia viwanjani. Atakuja mtu na pesa za M-Pesa akutake upange matokeo. Siku hiyo ndipo utajua kama ulikuwa na wito au ulikuwa na njaa tu.

KWA MZAZI: Nakubaliana nawe kwamba hofu yako ina msingi. Mshahara wa kocha kwetu ni mdogo, mara nyingi hakuna kabisa, na kazi inaweza kwisha kwa mechi tatu mbaya. Sitakudanganya kwamba kila mwenye filimbi atafika mbali. Wengi hawatafika. Huko Marekani pia, kwa kila Saban mmoja kuna mamia waliobaki wasaidizi mpaka wakastaafu. Lakini nikuulize, je, wale waliobaki wasaidizi walipoteza maisha yao? Mtoto aliyefundishwa kuamka mapema, kutii, kushindwa bila kutukana na kushinda bila kudharau, huyo ni tunda hata kama hakuna kombe kabatini. Zekaria 4:10 inatuonya tusiidharau siku ya mambo madogo. Kaa chini na kijana wako. Mpe muda mliokubaliana, muulize mpango wake, ujue kocha anayemfundisha kazi ni nani. Usimlaani kwa kinywa chako halafu ulete kanisani nikuombee baraka.

KWA KANISA: Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Unajua Arsenal walicheza na nani Jumamosi na nani alifunga. Lakini hujui jina la mtu anayekaa na mwanao saa mbili kila jioni. Hilo si sawa. Mjue. Kwanza kwa sababu anastahili heshima. Pili kwa sababu ya usalama wa watoto wetu. Kocha ana mamlaka makubwa juu ya mtoto: anachagua nani acheze, nani asafiri, nani abaki. Mamlaka hayo mikononi mwa mtu mwovu ni hatari, hasa kwa wasichana wetu wanaosafiri kwenda mashindano. Kocha wa kweli hatakasirika ukiuliza watoto watalala wapi na ni mama gani anaandamana nao. Atakayekasirika, huyo ndiye wa kuangaliwa. Na mtoto akileta malalamiko, asiambiwe anyamaze ili timu isiharibike jina. Timu inaweza kupoteza mechi ikarudi wiki ijayo. Mtoto aliyevunjwa harudi hivyo.

Wengine mtauliza kuhusu mechi za Jumapili. Ibada ni ibada, sijabadilika. Lakini badala ya kumtenga kijana kocha kwa sababu Jumapili moja alikuwa uwanjani Kanduyi, zungumza naye. Mtafutieni ibada ya mapema. Aombe na watoto wale kabla ya mechi. Kuna watoto pale ambao hawajawahi kuingia kwa mlango wa kanisa lolote, na mtu wa kwanza kuwaonyesha tabia ya Kristo atakuwa huyo huyo mwenye filimbi.

Paulo alimwandikia Timotheo, 2 Timotheo 2:2, kwamba yale aliyoyasikia awakabidhi watu waaminifu watakaowafundisha na wengine. Hesabu vizazi vilivyomo katika mstari huo: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Ni vinne. Hiyo ndiyo kazi ya kocha, na hiyo ndiyo kazi ya mtumishi wa Mungu. Mafanikio yako hayapimwi kwa kiti ulichokalia. Yanapimwa kwa watu uliowaacha wakiwa wamesimama.

Wiki hii nakupa kazi moja. Ukiwa Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye au Bungoma mjini, kuna uwanja karibu nawe, na jioni kuna mtu pale anapiga filimbi. Nenda umsalimie. Muulize jina lake. Muulize watoto wanahitaji nini. Ukiweza, peleka mpira mmoja, au mtungi wa maji, au nauli ya kozi yake. Ukiwa huna kitu, simama ukingoni utazame mazoezi mpaka mwisho, kisha umwambie asante. Wengi wao hawajawahi kuambiwa.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, wabariki vijana wetu wanaofundisha watoto wa wengine bila malipo. Wape subira ya kutumika chini ya mwingine, na mikono safi wakati wa kujaribiwa. Walinde watoto wetu, hasa walio safarini kwenda mashindano. Mponye mtoto aliyeumizwa, na utupe sisi ujasiri wa kusimama naye. Wape wazazi hekima ya kunena baraka. Na yule aliyefutwa kazi, aliyeanguka, anayedhani njia yake imekwisha, mpelekee Barnaba wake wiki hii. Amina.

Kama una kijana, ndugu au mwalimu aliyeshika filimbi, andika jina lake la kwanza hapa chini. Tutayataja majina hayo moja moja katika maombi ya Jumatano. Mungu awabariki. 🙏